Majirani wanne, injini nne

Desemba 2018, ndege ya kwanza ya Airbus A220-300 ya Air Tanzania ilipotua Dar es Salaam, nilifuatilia mapokezi yale kwenye televisheni mwanzo hadi mwisho. Yalitajwa jina la ndege, viti vyake 132, twiga aliyechorwa mkiani, na kwamba sisi ndio wa kwanza Afrika kuwa na ndege ya aina hiyo. Yote yalikuwa kweli na yalistahili kusemwa. Lakini sikumbuki kumsikia mtu akitamka jina la injini.

Injini zile ni PW1524G, za kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani. Ukikaa kiti cha dirishani mbele kidogo ya bawa unaiona vizuri: mdomo mpana ambao mtu mzima anaweza kusimama ndani yake, feni yenye mapanga yaliyopinda, na katikati alama nyeupe iliyojikunja kama gamba la konokono, iliyowekwa ili wahudumu wa uwanjani wajue feni inapozunguka. Novemba 2022 jina la injini hiyo likawafikia Watanzania kwa njia mbaya. Shirika lilitoa taarifa kwamba baadhi ya A220 zimesimama kwa sababu ya hitilafu za injini. Abiria wa Mwanza na Dodoma wakaanza kupangiwa upya safari, na ndege mpya kabisa zikawa juu ya mawe.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza nani hasa huchagua injini ya ndege, na kwa vigezo gani. Nimefikia mahali ambapo naona nchi zetu za Afrika Mashariki zimekuwa zikisahau kigezo kimoja ambacho mwenye daladala wa Mbagala hakisahau kamwe.

Nianze na hilo la nani anachagua. Wengi hudhani shirika la ndege huingia sokoni, likapima injini tatu nne, kisha likaamua. Zamani ilikaribia kuwa hivyo. Boeing 777 ilipoanza kuuzwa, mteja aliweza kuchukua injini za General Electric, za Pratt & Whitney au za Rolls-Royce. Leo, ukiangalia ndege mpya za abiria za Airbus na Boeing, ni familia mbili tu zinazomwachia mteja uchaguzi huo: A320neo, ambayo ina LEAP-1A ya kampuni ya CFM au PW1100G ya Pratt, na 787 Dreamliner, ambayo ina GEnx ya General Electric au Trent 1000 ya Rolls-Royce. Kwingine kote mlango umefungwa. Ukinunua A350 umenunua Trent XWB. Ukinunua A330neo umenunua Trent 7000. Ukinunua 737 MAX umenunua LEAP-1B. Na ukinunua A220 umenunua injini ya Pratt, utake usitake.

Kwa nini mtengenezaji wa ndege akubali kufungwa na mwenye injini mmoja? Ni fedha. Kuunda injini mpya na kuithibitisha kwa mamlaka za usalama hugharimu mabilioni ya dola, na kampuni ya injini haipendi kumwaga fedha hizo kisha igawane soko na mshindani. Mwaka 1999 Boeing ilipotaka kutoa 777 ya masafa marefu zaidi, General Electric ilijitolea kuchangia gharama za mradi, nayo ikapewa haki ya kuwa peke yake kwenye 777-300ER. Dau lile lililipa sana, kwa sababu ndege ile ikawa kipenzi cha mashirika makubwa duniani, na kila iliyouzwa ilibeba injini mbili za GE90.

Lakini kufungwa kwa mmoja kuna hatari yake, na historia yake si ngeni. Lockheed iliisanifu TriStar kwa injini moja tu, RB211 ya Rolls-Royce. Mapanga ya feni yake yalikusudiwa kutengenezwa kwa nyuzi za kaboni ili yawe mepesi. Yalipofanyiwa jaribio la kurushiwa ndege mnyama, kama sheria inavyotaka, yalivunjika. Gharama zikapanda, na Februari 1971 Rolls-Royce, fahari ya viwanda vya Uingereza, ikafilisika na kuchukuliwa na serikali. Lockheed nayo iliponea kwenye dhamana ya mkopo kutoka serikali ya Marekani. Wakati huo mshindani wa TriStar, ndege ya DC-10, alishaingia sokoni kwa injini za General Electric.

Wakati mwingine injini ndiyo huamua umbo la ndege yenyewe, na hapa sisi wa ukanda huu tuna kidonda chetu. Boeing 737 ilisanifiwa miaka ya 1960 ikiwa na miguu mifupi, ili mizigo ipakiwe kwa urahisi hata kwenye viwanja visivyo na vifaa. Injini za siku hizi hupunguza mafuta kwa kuwa na feni pana: kadiri hewa nyingi inavyopita nje ya kiini cha injini, ndivyo msukumo unavyopatikana kwa mafuta machache. Airbus ilipotangaza A320neo mwishoni mwa 2010, ikiahidi kupunguza mafuta kwa asilimia 15, Boeing ilibaki inasitasita mpaka Julai 2011, American Airlines ilipoagiza mamia ya ndege na zaidi ya nusu yake zikaenda Airbus. Wiki chache baadaye 737 MAX ikapitishwa. Tatizo lilikuwa uwazi kati ya bawa na lami. LEAP ya Airbus ina feni ya sentimita 198. Ya 737 ilibidi ipunguzwe hadi sentimita 176, na hata hivyo ikasogezwe mbele na kupandishwa juu kuliko ilivyokuwa kwenye 737 za zamani. Mabadiliko hayo yaligusa tabia ya ndege angani, ikawekwa programu ya kuishusha pua yenyewe. Programu hiyo, ikidanganywa na kipimo kibovu, ndiyo iliyoangusha ndege ya Lion Air Oktoba 2018, na Machi 10, 2019 ikaiangusha ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi. Walikufa watu 157 siku hiyo, Wakenya 32 wakiwamo, wengi kuliko taifa lolote jingine. Injini zenyewe hazikuwa na kosa. Lakini mnyororo ule ulianzia kwenye mbio za kupata injini yenye mafuta kidogo kwa ndege isiyokuwa na nafasi ya kuibeba.

Sasa tuje kwa mnunuzi. Muuzaji wa injini hufika na karatasi inayoonyesha asilimia za mafuta. Namba hizo zina uzito, kwa kuwa mafuta hula kati ya robo na theluthi ya gharama za shirika la ndege. Na bei ya injini yenyewe huwa na punguzo la kushangaza, kwa sababu muuzaji hatafuti faida pale. Biashara hii inafanana na ya ving'amuzi: dishi na kisanduku unapewa kwa bei chee, halafu unalipia kila mwezi miaka yote. Faida ya mwenye injini iko kwenye vipuri na matengenezo kwa miaka 20 au 25 ijayo. Mashirika mengi husaini mkataba wa kulipa kiasi fulani kwa kila saa ambayo injini imeruka, na kampuni hubeba jukumu la kuitengeneza. Ni mpango mzuri mpaka siku injini inapohitajika karakanani na karakana haina nafasi. Hapo unagundua kuwa ulinunua matengenezo bila kununua foleni.

Kitu cha maana kuliko asilimia za mafuta ni muda ambao injini itakaa bawani kabla ya kushushwa. Injini huhesabiwa vitu viwili, saa ilizoruka na mara ilizopaa. Kila kupaa huipandisha kwenye joto lake la juu kabisa, na diski na mapanga ya ndani hupewa idadi maalumu ya mizunguko, ikiisha yanatupwa hata kama yanang'aa. Ndege inayokwenda Dar hadi Zanzibar, mwendo wa dakika ishirini hivi, inakula mzunguko mmoja sawasawa na inayokwenda Ulaya usiku kucha. Ongeza joto la pwani, chumvi ya baharini, na vumbi. Ongeza viwanja vya juu: Nairobi iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, Addis Ababa mita 2,334. Huko hewa ni nyepesi na injini hulazimika kujituma zaidi ili kutoa nguvu ileile.

Hayo ndiyo mazingira yetu, na ndiyo yaliyowatoa jasho wakubwa kuliko sisi. IndiGo ya India ilianza A320neo zake kwa injini za Pratt zilizosifiwa kwa mafuta. Baada ya miaka mitatu ya kushusha injini bila mpango, Juni 2019 ikahamia LEAP kwa oda ya ndege 280. Emirates, mteja ambaye kila kampuni inamtaka, ilikwenda kwenye maonyesho ya Dubai mwaka 2023 ikitarajiwa kuagiza A350-1000. Mkuu wake, Tim Clark, akasema wazi kwamba injini ya ndege hiyo haingedumu vya kutosha kwenye joto na mchanga wa Ghuba. Waliondoka na oda ya A350-900 kumi na tano, zenye injini ya msukumo mdogo zaidi. Namheshimu sana kwa hilo. Aliuliza injini itakaa bawani siku ngapi, jibu halikumridhisha, hakusaini.

Hata hivyo kuna mambo ambayo hata mjuzi hawezi kuyaona siku ya kusaini. Machi 2020, diski ya injini ilipasuka kwenye ndege ya Vietnam Airlines ikiwa inakimbia kupaa Ho Chi Minh. Ilikuwa injini ya zamani, V2500, lakini uchunguzi ulirudi nyuma hadi kwenye unga wa metali unaotumika kutengeneza diski hizo, ambamo chembe za uchafu ziliingia. Unga huohuo ulitumika pia kwenye injini mpya za Pratt zilizotengenezwa kati ya mwishoni mwa 2015 na 2021. Mwaka 2023 kampuni mama, RTX, ikatangaza kwamba injini 600 hadi 700 zaidi za A320neo zitashushwa kabla ya wakati, kila moja ikichukua siku 250 hadi 300 mpaka irudi, na kwamba ndege 350 kwa wastani zingelala chini kati ya 2024 na 2026. Injini za A220 ni ndugu wa tumbo moja na hizo. Katika foleni ya namna hiyo, mwenye ndege nne anaingia akiwa nyuma ya wenye ndege mia mia.

Wengine wenye A220 waliamua kwa njia zao. EgyptAir iliuza zote 12. airBaltic ya Latvia, mtumiaji mkubwa wa ndege hizo Ulaya, ilifuta zaidi ya safari 4,600 za mwaka 2025 kwa kukosa injini. Sisi tulibaki nazo, na mimi sioni kosa kubaki nazo. Ni ndege nzuri, inafaa safari zetu na abiria wanaipenda.

Ila msidhani kwamba aliyechagua injini tofauti alipona. Kenya Airways ilizichukulia Dreamliner zake GEnx, na wakati ule uamuzi ulionekana wa busara: miaka iliyofuata Trent 1000 ya Rolls-Royce ilikumbwa na mapanga yanayoliwa na kutu ya joto na mengine kupata nyufa, hadi mwaka 2018 ndege zaidi ya 40 duniani zikalala, na Air New Zealand ikahamia GEnx kwa ndege zake zilizofuata. Lakini mwaka 2025 Kenya Airways nayo ilijikuta na Dreamliner tatu kati ya tisa zikiwa chini kwa kukosa injini na vipuri, na baada ya faida ya mwaka 2024, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi, ikarudi kwenye hasara ya shilingi za Kenya bilioni 12 kwa nusu mwaka. Injini nzuri, foleni ileile.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mwenye daladala. Kwa nini barabara zetu zimejaa Toyota? Kwa sababu spea yake ipo mtaa wa Gerezani Dar es Salaam, ipo Tunduma, ipo kwa fundi wa kijijini, na ikikosekana yote hayo, jirani ana gari kama lako na atakuazima pampu mpaka kesho. Mtu wa daladala anaponunua gari anahesabu majirani.

Sasa zitazame ndege kubwa za majirani wanne. Kenya Airways, Dreamliner zenye GEnx. Air Tanzania, Dreamliner zenye Trent 1000. Uganda Airlines, A330-800neo zenye Trent 7000. RwandAir, A330 za kizazi cha zamani zenye Trent 700. Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Kigali, miji iliyo mwendo wa saa moja hadi mbili hivi angani, na hakuna hata wawili wanaoweza kuazimana injini. Nairobi na Dar zina ndege ileile, 787-8, lakini kila mmoja amefunga injini yake. Dar na Entebbe wana injini za ukoo mmoja, kwa kuwa Trent 7000 ilizaliwa kutokana na Trent 1000, lakini nazo haziingiliani: ya A330neo hutoa hewa ya moto kwa ajili ya mifumo ya ndege, ya Dreamliner haitoi, kwa sababu 787 hutumia umeme kwa kazi hiyo. Majirani wasioweza kuazimana hata chumvi.

Na ndani ya nyumba yetu wenyewe hali ni hiyohiyo. Air Tanzania ilipofikisha ndege 16 mwaka 2024, ndege hizo zilikuwa na aina sita za injini: mbili za ndege za mapangaboi, yaani Q400 na Q300, moja ya A220, moja ya Dreamliner, LEAP-1B ya 737 MAX 9, na CF6 ya 767 ya mizigo. Hebu tufanye hesabu ya kawaida. Shirika lenye ndege 50 za aina moja lina injini 100 bawani. Hata likinunua injini kumi za akiba, limeongeza sehemu ya kumi ya gharama. Air Tanzania ina MAX 9 mbili, injini nne. Ikitaka injini moja tu ya akiba imeongeza robo nzima, na bado kuna aina tano nyingine zinazodai ya kwao. Hakuna shirika la ukubwa huu litakaloweza hilo peke yake, hata liongozwe na malaika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotupia lawama zote mafundi na mameneja wa leo. Hesabu iliharibika siku ya kuchagua.

Kuna waliojua kufanya hivi kabla yetu. East African Airways, shirika la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililoanza 1946, liliponunua ndege zake kubwa za masafa marefu katika miaka ya 1960 lilinunua Super VC10 tano, zote zikiwa na injini za Rolls-Royce Conway, na karakana moja Embakasi, Nairobi, ikihudumia nchi zote. Spea zilikuwa ghala moja. Shirika lilikufa 1977 kwa siasa na madeni, na sidai lifufuliwe. Kila nchi ibaki na bendera yake mkiani. Lakini bendera iko mkiani, injini iko chini ya bawa, na hakuna kinachozuia nchi nne zenye Jumuiya moja kukaa meza moja kabla ya kusaini oda.

Nitaambiwa kwamba mashirika haya yanashindana. Yanashindana kwa abiria, ndiyo. Lakini hata mashirika makubwa ya Ulaya na Asia yamezoea kuchangia akiba za vipuri na kukodishana injini huku yakigombea abiria walewale. Nitaambiwa pia kwamba serikali hununua ndege iliyopo karibu kutoka kiwandani, kwa kuwa foleni ya oda ni ya miaka. Hiyo ni hoja nzito kidogo. Jibu langu ni kwamba ndege inayopatikana haraka lazima iulizwe kwa nini inapatikana haraka, na mkataba wake usisainiwe mpaka ueleze kwa maandishi: injini ya akiba iko wapi, itafika kwa siku ngapi, na injini yangu ikishushwa nitakuwa wa ngapi kwenye foleni. Fidia ya fedha haitoshi. Abiria aliyekwama Songea hapandi fidia.

Mambo mawili yanaweza kuanza bila kununua ndege hata moja. RwandAir na Kenya Airways zote zinarusha Boeing 737-800, na 737-800 ina injini moja tu duniani, CFM56-7B. Nairobi na Kigali zinaweza kuwa na injini ya akiba ya pamoja. Na LEAP-1B za MAX 9 zetu ndizo zilezile zilizo kwenye 737 MAX za Ethiopian, shirika lenye karakana kubwa na ndege nyingi za aina hiyo kuliko jirani yeyote. Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni mwendo wa takribani saa tatu.